Je, Wajua? Vyama havikugawanyika kuhusu utoaji mimba tangu mwanzo

Je, wajua kwamba mvutano wa sheria za utoaji mimba Marekani haukuanza kama ugomvi wa vyama? Mwaka 1967 Ronald Reagan, gavana wa California kutoka chama cha Republican, alitia saini sheria iliyolegeza masharti ya kutoa mimba jimboni mwake. Januari 22, 1973, Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Roe v. Wade, iliyotambua haki ya kutoa mimba, kwa kura 7 dhidi ya 2, majaji 5 kati ya wale 7 walikuwa wameteuliwa na marais wa Republican. Mmoja wa wawili waliopinga, Byron White, aliteuliwa na John F. Kennedy, rais wa Democratic!

Hukumu hiyo ilipofutwa Juni 24, 2022, majaji walijipanga karibu sawasawa na vyama vya marais waliowateua, jambo la kusikitisha kwa mahakama yoyote. Wananchi, hata hivyo, hawaburuzwi kirahisi hivyo. Agosti 2022 huko Kansas, ngome ya Republican, takriban asilimia 59 ya wapiga kura walikataa kuiondoa haki ya kutoa mimba katika katiba ya jimbo lao.