Fahamu: Mtu mzima anapopimwa kusoma

Mdadisi anatoa kadi yenye sentensi moja fupi na kumwomba mhojiwa aisome kwa sauti. Ndivyo tafiti za kitaifa za afya zinavyopima kusoma nchini Tanzania. Waliofika chuo hawaonyeshwi kadi. Wengine huandikwa: hawezi kabisa, anasoma sehemu, au anasoma yote.

Kwa mtafiti ni swali la sekunde chache. Kwa mama aliyeacha shule darasa la pili, wanawe wakimsikiliza kutoka mlangoni, ni mtihani usiotangazwa. Ndiyo maana “nimesahau miwani” ni jibu la kawaida sana, na si uongo kila mara.

Aibu hiyo haikuwa lazima. Mwaka 1975 Tanzania ilifanya mtihani wa taifa wa kisomo, na mamilioni ya watu wazima waliufanya pamoja, jirani kwa jirani. Matokeo yalipangwa kwa hatua nne. Waliofikia ya tatu na ya nne ndio waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma.

Mstari ukichorwa kwingine, hesabu hubadilika. Utafiti wa Kenya wa mwaka 2006 ulikuta asilimia 61.5 ya watu wazima wana angalau kiwango cha chini kabisa cha kisomo kinachokubalika, lakini waliofikia umahiri uliotakiwa walikuwa asilimia 29.6 tu.

Na mzee wa Pwani aliyezoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Akipewa kadi ya herufi za Kilatini, ataandikwa hawezi kabisa.