Kufundisha Lugha Pamoja na Desturi za Wenyewe

Wengi wetu tunafikiri kwamba mseminari akiisha kujua maneno ya lugha na sarufi yake, anaweza kusikilizana na watu. Sivyo, na hapa Likasi tunaona wazi.

Mji huu, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulijaa watu kwa sababu ya shaba. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Lomami, Rwanda, na nchi tunayoiita leo Zambia. Watoto wao walikua wakisema Kiswahili kimoja. Lakini mwaka 1992 watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani, na maelfu walilala kwenye kituo cha gari la moshi wakingoja kuondoka. Siasa ndiyo iliyowasha moto ule. Sisemi kwamba somo la lugha lingeuzima. Hata hivyo, majirani hao hawakukosa maneno ya kusemezana.

Tutwae neno «mjomba». Kwa Babemba na Balamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika shauri la ndoa. Baluba wa Kasai wanafuata ukoo wa baba. Wote wanasema «mjomba», lakini uzito si mmoja. Mimi mwenyewe, nikiwa padri mpya, nilikwenda kwa jamaa ya Babemba juu ya ndoa ya binti yao. Kila neno nilimwuliza baba. Mzee aliyekaa pembeni nikamsalimia tu. Kumbe ndiye mjomba! Katekista aliniambia njiani, pole pole, kama anayenitoa mwiba. Ikanipasa kurudi kuomba radhi.

Basi tufundisheje? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Ad gentes ya mwaka 1965, unawataka wamisionari wajifunze lugha na desturi pia. Lakini kuandika ubaoni «Baluba wako hivi, Babemba wako vile» ni hatari: orodha ya namna hii inageuka upesi kuwa matukano. Piaget wa Uswisi alionyesha kwamba mwanafunzi anajenga ujuzi wake mwenyewe juu ya yale aliyokwisha kuyajua. Vygotsky wa Urusi alikaza kwamba anajenga pamoja na wengine.

Kwa hiyo ninawasimulia wanafunzi habari ya yule mzee, nami ninanyamaza mbele ya kusema kosa liko wapi. Kila mmoja aeleze, kwa lugha anayojifunza, kwao ingekuwaje. Hapo kelele inaanza, na ni kelele njema. Nyuma yake ninawatuma kwa wazee kuuliza, kwa sababu wanafunzi peke yao wanaweza kujenga uongo pamoja. Wakirudi, wanaandika wenyewe kanuni waliyoipata, pamoja na jina la kijiji au kambi ilikotoka, maana desturi ya Kasumbalesa si lazima iwe ya Likasi. Kazi ya mwalimu ni kuchagua habari, kukataza dhihaka na kusahihisha sarufi, ambayo haiachwi hata kidogo. Namna hii inakula saa nyingi, ni kweli. Wakatekista wetu waitwe darasani; katika jambo hili wanatupita.

Siku ya mtihani ninatoa habari mpya: mfanyakazi Muluba amekufa, mjane wake ni Mubemba, na jamaa mbili zinabishana juu ya mazishi. Mseminari aseme ataanza kumwuliza nani, na kwa neno gani.