Kwa nini karatasi yako hutokea kwenye printa usiyoichagua

Wiki hii niko bara, mtaa wa Shieywe mjini Kakamega, na swali la saiba za hapa ni lile lile ninaloulizwa Mombasa: mbona nimeprinti, na karatasi imetokea kwenye mashine nyingine?

Si jambo dogo. Saiba huprinti vyeti vya PIN za KRA, barua za kesi na majibu ya hospitali. Karatasi ikitokea chumba cha pili, siri ya mtu husomwa na asiyehusika.

Kila kompyuta ya Windows ina printa moja iliyowekwa kuwa ya kawaida. Programu isipoelekezwa kwingine, hutuma kazi huko. Lakini tangu toleo la Windows 10 la Novemba 2015, kuna swichi inayoiachia Windows ijichagulie: printa uliyoitumia mwisho ndiyo inayokuwa ya kawaida. Ukiprinti picha moja ya rangi, kurasa 40 za mteja anayefuata huenda zikafuata huko huko, na wino wa rangi ni ghali.

Programu nazo zina tabia tofauti. Swichi hiyo ikiwa imezimwa, printa unayoichagua kwa mkono ndani ya Word hubaki ya Word tu, na ukiifunga mambo hurudi yalivyokuwa. Wanaoandika makro ndio wajihadhari. Amri ya ActivePrinter ndani ya Word hubadilisha printa ya kawaida ya kompyuta nzima. Ndani ya Excel, amri hiyo hiyo huishia kwenye Excel. Kwa hivyo makro ya Word ihifadhi kwanza jina la printa iliyokuwepo, iprinti bila kuiacha kazi iendelee chinichini, kisha ilirudishe jina lile, hata kazi ikikwama njiani.

Kwa maoni yangu, mashine inayotumiwa na watu wengi isiachiwe ijichagulie. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya printa na skana, uzime swichi hiyo, kisha uiweke printa ya kazi za kila siku kuwa ya kawaida. Zipe printa majina yanayoeleweka, kama "Nyeusi mlangoni" na "Rangi ndani", kwani majina ya kiwandani hufanana. Na kabla ya kubonyeza, soma jina la printa. Karatasi ya mteja ni amana.