Unene wa mtoto si kichekesho cha darasani

Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mchanga, nilimwita mbele ya darasa mwanafunzi mmoja aliyekuwa mnene kuliko wenzake. Nilikuwa nikifundisha kuhusu lishe, nami nikamfanya mfano wa mtu asiyeweza kuuzuia mdomo wake. Darasa zima liliangua kicheko. Mtoto yule hakulia. Aliinamisha kichwa, akarejea kitini, na tangu siku hiyo hakuinua mkono tena katika somo langu. Kosa hilo ningali nalibeba, na ndilo linalonisukuma kushika kalamu leo.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba mafuta ya mwilini ni akiba bubu: ukila sana yanazidi, ukijinyima yanapungua, na yote hutegemea nia ya mtu. Kumbe akiba hiyo ina ulimi. Seli za mafuta hutengeneza protini iitwayo leptini, ambayo husafiri katika damu hadi kwenye ubongo na kuuarifu kiasi cha mafuta yaliyohifadhiwa. Akiba inapotosha, ubongo huituliza njaa. Akiba inapopungua, leptini nayo hupungua; hapo ubongo huchochea njaa na kuuamuru mwili ubane matumizi ya nishati. Hii ni mojawapo ya sababu zinazomfanya mtu aliyejikondesha kwa taabu kunenepa upya.

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1949, katika maabara ya Jackson nchini Marekani, walionekana panya walionenepa kupita kiasi. Baadaye mtafiti Douglas Coleman aliunganisha mzunguko wa damu wa panya wa ukoo huo na ule wa panya wa kawaida. Yule mnene alipunguza kula, na kasi yake ya kunenepa ikapungua. Ilibainika kwamba alikosa kitu fulani ambacho mwenzake alikuwa nacho katika damu. Mwaka 1994, Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York waliitambua jeni inayotengeneza kitu hicho, yaani leptini.

Je, wanadamu nao? Mwaka 1997, watafiti wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, ambao jeni yao ya leptini ilikuwa na hitilafu. Msichana, aliyekuwa na umri wa miaka minane, alikuwa na uzito wa kilo 86. Alikula bila kushiba. Alipoanza kudungwa leptini, njaa yake ilitulia, na katika muda wa mwaka mmoja alipungua zaidi ya kilo 16. Hakuhubiriwa wala kuaibishwa. Alipewa protini aliyoikosa.

Nisieleweke vibaya. Hitilafu ya aina hiyo ni nadra mno. Watu wengi wanene wana leptini tele, ila ubongo wao hauuitikii ujumbe wake ipasavyo, na ndiyo maana sindano hiyo haikuwa dawa ya kila mtu. Aidha, sisemi kwamba mlo bora na mazoezi havina maana. Vina maana kubwa, kwa wanene na wembamba pia. Ninalosema ni kwamba nia ya mtu ni sauti moja tu miongoni mwa nyingi zinazosemezana mwilini, na nyingine hatuzisikii.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walimu wenzangu, tufundishe lishe bila kumgeuza mtoto kielelezo. Nanyi wanafunzi, kabla ya kumbandika mwenzenu jina la dhihaka, kumbukeni kwamba hamjui damu yake inauambia nini ubongo wake.

Yule mwanafunzi wangu sasa ni mtu mzima. Iwapo anaisoma safu hii, ningependa ajue kwamba siku ile aliyehitaji kufundishwa hakuwa yeye.