Fanani Asiyeiona Hadhira: Taarifa ya Kiswahili katika Studio ya Chuo

Wahenga walisema kuwa asiyekuwepo na lake halipo. Kwa kuuzingatia usemi huu, mwandishi wa makala haya, ambaye ni mwanafunzi wa fasihi wala si wa uanahabari, aliomba ruhusa ya kuketi katika studio ya runinga ya chuo kimoja humu nchini wakati taarifa ya Kiswahili ilipokuwa ikiandaliwa. Makala haya yananuia kueleza jinsi habari inavyosafiri kutoka meza ya mhariri hadi kinywani mwa msomaji, na mahali ambapo lugha huweza kuteguka mguu njiani.

Studio yenyewe ni chumba kidogo. Kuta zimefunikwa kwa sponji ili kuzuia mwangwi, na taa kali zinaning'inia darini juu ya meza moja na kamera mbili. Katika chumba cha mitambo kilicho jirani, mwelekezi huteua picha ya kurushwa hewani na kumwagiza msimamizi wa studio kupitia visikizi. Msimamizi hatoi sauti. Huhesabu kwa vidole.

Mtazamaji hudhani kuwa msomaji ameihifadhi habari kichwani. La hasha! Mbele ya lenzi kuna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45, na chini yake skrini inayoonyesha maneno yaliyogeuzwa kinyume. Kioo huyaakisi na kuyarejesha katika hali yake, hivyo msomaji huyaona ilhali kamera, iliyo nyuma ya kioo hicho, haiyaoni. Chombo hiki ndicho teleprompta.

Hapa ndipo fasihi simulizi inapotufaa. Fanani wa ngano akisema "Paukwa", hadhira huitikia "Pakawa". Akikosea, nyuso za wasikilizaji humwonya, naye hujirekebisha papo hapo. Msomaji wa habari ni fanani aliyenyimwa nyuso hizo. Kwa hivyo, marekebisho ambayo hadhira ingeyafanya hayana budi kufanywa kabla ya taa nyekundu kuwaka.

Je, ni marekebisho gani? Taarifa nyingi zilizofika siku hiyo ziliandikwa kwa Kiingereza, na mfasiri alikuwa na dakika chache tu. Tatizo la kwanza lilikuwa urefu. Muda wa kusoma ulikadiriwa kwa kuhesabu maneno, kana kwamba maneno ya lugha zote yanalingana. Neno moja kama "hawatatutembelea" lina silabi nane; Kiingereza hulieleza kwa maneno matano mafupi. Matokeo yake ni kwamba picha ziliisha ilhali msomaji angali katikati ya sentensi.

Tatizo la pili lilikuwa miundo ya kuazima. Watu "walipoteza maisha yao" badala ya kufa au kufariki.

Tatizo la tatu lilikuwa zito zaidi. Tangazo moja lilisema kuwa mtihani uliokuwa umeahirishwa ungefanywa kesho yake saa tatu asubuhi. Mfasiri, kwa haraka, aliiona tarakimu 9 ya Kiingereza akaandika "saa tisa". Ikumbukwe kuwa Mswahili huhesabu saa tangu mapambazuko, ilhali Mwingereza huanzia usiku wa manane na adhuhuri. Tofauti ni saa sita. Mwanafunzi ambaye angeyaamini masikio yake angefika ukumbini alasiri na kukuta viti vitupu. Mwandishi alikuwa ameahidi kunyamaza, lakini aliinua mkono. Kosa lilifutwa, taarifa ikaanza.

Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Hadhi hiyo haitatimia iwapo Kiswahili kitakuwa mgeni anayeitwa dakika za mwisho. Tunapendekeza kuwa kila studio ya chuo imteue mwanafunzi wa Kiswahili wa kusomewa taarifa nzima kwa sauti kabla ya kurushwa hewani, awe hadhira ya mtu mmoja. Zoezi hilo halihitaji mtambo wowote mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.