Tairi la Nuu Huchaguliwa Mwingi

Katika gharama zote za kumiliki gari la 4x4 mashariki ya Mwingi, Kenya, inayofikiriwa kwa uchache wakati wa kununua ndiyo inayorudi mara nyingi baadaye, nayo ni tairi. Mnunuzi huuliza injini ni ya ukubwa gani, inatumia dizeli au petroli, gari limetembea kilomita ngapi, kisha huikubali rimu yoyote iliyokuja nalo. Akiwa na pesa za ziada, huitoa na kuweka kubwa zaidi ili gari lipendeze. Kwa mtu anayeishi Nuu, upande huo wa mashariki ya Mwingi, au anayefika huko kila wiki kwa kazi ya hospitali, shule, mifugo au ununuzi wa ndengu, saizi ya rimu na tairi ni uamuzi wa fedha kabla ya kuwa wa urembo. Na jibu lake ni rahisi kuliko wauzaji wengi wanavyolieleza: achukue rimu ndogo kabisa inayoruhusiwa na breki za gari, ubavu mrefu, kipenyo cha nje kilichowekwa na mtengenezaji au kinachokikaribia sana, na zaidi ya yote hayo, saizi inayopatikana Mwingi siku ileile inapohitajika.

Sababu ya kwanza ni barabara yenyewe. Lami ya Thika kwenda Garissa hupita Mwingi, na anayekwenda Nuu huiacha akaingia njia za udongo na changarawe, mawe ya kuzunguka vilima vya Nuu, mito ya msimu ambayo kwa miezi mingi ni mchanga mtupu, na vichaka vya migunga ambavyo miiba yake hupenya mpira bila taabu. Tairi la gari la Nairobi hufa kwa uzee: meno huisha polepole mpaka likawa kipara, na mwenyewe hupata muda wa kudunduliza pesa. La Nuu aghalabu hufa ghafla. Mwiba ukiingia katikati ya meno, fundi huziba na safari ikaendelea, lakini ubavu ukichanika au nyuzi za ndani zikikatika, hakuna fundi mwaminifu atakayekubali kuliziba tairi hilo, hata kama limenunuliwa mwezi uliopita. Hivyo bei ya tairi gawanya kwa kilomita zilizoahidiwa na muuzaji si hesabu ya kutegemewa huku. Linaloamua gharama ni mara ngapi ubavu utakufa kabla ya meno.

Nambari zilizoandikwa ubavuni zinatosha kuonyesha tofauti. Toyota Prado nyingi za muundo wa J150 zilizomo nchini huvaa 265/65R17 au 265/60R18. Nambari ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la 265/65R17 lina ubavu wa milimita 172 na kipenyo cha milimita 776. La 265/60R18 lina kipenyo cha 775, kwa hiyo gari halikupanda wala halikushuka, lakini ubavu umebaki milimita 159. Anayeweka rimu ya inchi 20 na tairi la 265/50 hupata kipenyo cha 773 na ubavu wa milimita 132 tu. Sentimita nne za mpira na upepo zimeondolewa na mahali pake pakawekwa aloi. Gurudumu likigonga jiwe lenye makali kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ubavu mrefu hujikunja kisha hurudi. Ubavu mfupi hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu mpaka nyuzi zikakatika, na mara nyingi rimu nayo hupinda au kupasuka. Mwenye gari amepata hasara mbili kwa pigo moja, na ile ya rimu huwa kubwa kwa sababu rimu ya chuma iliyopinda hunyooshwa kwa nyundo katika gereji yoyote ya jua kali, ilhali aloi iliyopasuka haina dawa ya kuaminika.

Watengenezaji wanalijua hili. Toyota ilipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021, toleo la kifahari la ZX lilivaa rimu za inchi 20 huko Japani, huku GR Sport, lililoandaliwa kwa ajili ya barabara mbaya, likivaa za inchi 18 na tairi la 265/65. Na Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambayo polisi, mashirika ya misaada na huduma za magari ya wagonjwa huitegemea kote Afrika Mashariki, kwa miaka mingi imetembelea tairi jembamba la 7.50R16 lenye ubavu wa karibu sentimita 20. Wanaonunua magari hayo hulipia kufika, na wamekuwa na muda wa kutosha wa kubadili saizi hiyo kama ingewaangusha.

Upande wa pili wa hoja uko sokoni, nao ndio ninaouona kuwa mzito zaidi ingawa hutajwa mara chache. Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha matairi. Firestone East Africa ilianzishwa mwaka 1969, baadaye ikawa Sameer Africa, na matairi yake ya Yana yalivaliwa na pikapu, matatu na malori kila pembe ya nchi. Mwaka 2016 kampuni ilisimamisha utengenezaji Nairobi na kugeukia kuagiza kutoka nje. Huko Arusha, Tanzania, kiwanda cha matairi cha General Tyre kilikuwa kimekwisha kufunga milango. Leo tairi jipya la gari dogo linaloonekana Mwingi karibu hakika limekuja kwa meli, na saizi yake iliamuliwa na mwagizaji aliyejaza kontena huko China, India, Thailand au Japani. Juu ya bei ya kiwandani ameongeza nauli, ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, tozo ya maendeleo ya reli na VAT ya asilimia 16, na sehemu kubwa ya fedha hizo imemtoka kabla hajauza hata tairi moja. Mtu wa namna hiyo huogopa saizi inayolala ghalani. Hujaza kontena kwa saizi zinazotoka haraka, na zile adimu huzileta chache, kwa bei inayomlipa pia muda wa kusubiri.

Mwenye duka wa Mwingi ana mtaji mdogo zaidi, kwa hiyo woga wake ni mkubwa zaidi. Saizi ya 265/65R17 ana sababu ya kuiweka kwa kuwa inavaliwa na Prado, na pia na matoleo mengi ya Hilux, Fortuner na Ford Ranger. Ya rimu ya inchi 20 ataiagiza Nairobi mteja akishalipa, nayo itakuja kesho au keshokutwa kama mzigo juu ya matatu. Siku hizo mbili za gari kusimama Nuu zina bei yake: mgonjwa hakupelekwa, mbuzi hawakufika sokoni, dereva alilipwa akiwa amekaa. Kuna pia hasara iliyojificha zaidi. Tairi huzeeka hata likiwa halijatembea, hasa katika joto, na tarehe yake imechapwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2219 ni wiki ya 22 ya mwaka 2019. Saizi inayouzwa kwa nadra ndiyo iliyokaa muda mrefu dukani, na mnunuzi wake hulipa bei ya juu kwa mpira ulioanza kuchakaa kabla haujamfikia.

Kwa magari madogo ya 4x4 mzigo huu huongezeka. Subaru Forester, kwa mfano, huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na mtengenezaji anataka mizunguko ya matairi ilingane kwa karibu mno, la sivyo mitambo inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma hupata joto na kuharibika. Tairi moja likichanika wakati matatu mengine yamelika nusu, mwenye gari huenda akalazimika kununua mawili au manne. Kutoka 225/55R18 hadi 225/60R17 kunaongeza ubavu milimita 11 pekee, nami sidai kwamba milimita hizo zitaliokoa kila tairi. Faida kubwa ni kwamba hasara ikitokea, itahesabiwa kwa bei ya saizi ya kawaida. Tena hesabu ya Nuu ni ya matairi matano, kwa kuwa spea nyembamba ya dharura iliyokusudiwa kukufikisha gereji ya mjini haifai kutembea kilomita nyingi juu ya mawe.

Wapo watakaosema kwamba kilomita nyingi za gari la Nuu hutembelewa kwenye lami, kuelekea Nairobi na kurudi, na kwamba huko rimu kubwa na ubavu mfupi hushika barabara vizuri zaidi kwenye kona. Ni kweli kuhusu kona. Lakini kikomo cha mwendo wa gari dogo kwenye barabara kuu za Kenya hakizidi kilomita 110 kwa saa, na tairi la kawaida lenye alama ya T limejengwa kuhimili 190. Ubora unaonunuliwa kwa rimu ya inchi 20 huonekana zaidi kwa mwendo ambao sheria imeukataza. Hasara, kwa upande wake, haigawanyiki sawa kwa kilomita. Hujikusanya katika zile chache za mwisho kabla ya kufika nyumbani. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba ubavu mrefu una eneo kubwa la kuchanwa na kisiki au mti mkavu. Hilo halikwepeki, na ndiyo sababu anayepita huko kila siku afikirie tairi la muundo wa LT, lenye tabaka nzito na uwezo mkubwa wa kubeba, akijua kwamba ni zito, linakula mafuta zaidi, linataka upepo mwingi gari likiwa na mzigo na litamrusharusha gari likiwa tupu. Anayekwenda mara moja kwa mwezi hana haja ya kuingia gharama hiyo.

Wengine wataniambia nimeishia njiani: kama ubavu mrefu ni mzuri, mbona nisishauri tairi pana na kubwa zaidi, gari lipande juu na lielee mchangani? Kuhusu kupanda, hesabu haina huruma. Kutoka 265/65R17 hadi 285/70R17 kipenyo huongezeka milimita 54, lakini tumbo la gari hupanda nusu tu, milimita 27. Kwa faida hiyo spidomita itakudanganya kwa asilimia 7, ikionyesha 100 unapokwenda 107, gia zitakuwa nzito mlimani, breki zitahitaji nguvu zaidi, na mpira huenda ukakwaruza ndani ya bodi unapokata kona yote. Kuhusu mchanga, upana husaidia, lakini kupunguza upepo husaidia kuliko upana. Ukishuka kutoka psi 35 hadi karibu 18, alama ya tairi ardhini hurefuka sana na uzito wa gari husambaa, ili mradi uende polepole na ujaze tena kwa pampu kabla ya kurudi kwenye mwendo wa barabara. Ubavu wa milimita 172 unakupa nafasi ya kufanya hivyo, ule wa 132 unaiweka rimu karibu mno na mawe. Na mto ukiwa umejaa, hapo suala la saizi limekwisha. Desemba 2021, katika eneo hili la Mwingi, mto Enziu ulilisomba basi lililobeba wanakwaya wakielekea harusini, na zaidi ya watu 30 walikufa. Basi lile lilikuwa refu na zito kuliko Prado yoyote, na muuzaji anayemwambia mteja kwamba tairi kubwa litamvusha kwenye kivuko kilichofunikwa na maji anahatarisha maisha ya mteja huyo.

Matairi ya mitumba hayahitaji maneno mengi. Yanavutia kwa bei na kwa kuwa huleta saizi adimu, ila umri wake ni mkubwa na jeraha la ndani ya ubavu halionekani kwa macho.

Kitakachobadilisha soko la matairi ya Mwingi ni sheria ya kuagiza magari yasiyozidi miaka minane. Inamaanisha kwamba rimu zinazoshuka bandarini Mombasa leo zilichaguliwa na wanunuzi wa Japani miaka kadhaa iliyopita, na wanunuzi hao wamekuwa wakipenda kubwa zaidi kila toleo. Mazda CX-5 ilitoka na 225/65R17 katika matoleo ya bei nafuu na 225/55R19 katika yale ya juu: ubavu wa milimita 146 dhidi ya 124, kwa gari lenye bodi ileile. Nafasi ya kuamua ipo kabla ya kulipa, gari likiwa bado katika yadi. Mnunuzi wa Nuu na aisome saizi ubavuni, apige simu katika maduka mawili au matatu ya Mwingi, aulize kama tairi hilo lipo, ni la wiki na mwaka gani na linauzwa pesa ngapi, azidishe kwa tano, kisha aijumlishe pesa hiyo kwenye bei ya gari kabla ya kulilinganisha na lile la rimu ndogo lililoegeshwa kando yake.