Kwa nini misuli ya mtoto haichoki kama ya mtu mzima

Watoto wakicheza chandimu hukimbia, husimama kidogo wakihema, kisha hukimbia tena mpaka giza liingie. Mtu mzima akijiunga nao, baada ya mbio nne tano ameshika magoti. Wengi husema ni kitambi, lakini sababu kubwa imo ndani ya misuli yenyewe.

Mwaka 2002, mtafiti Mfaransa Sébastien Ratel na wenzake walilinganisha wavulana wa miaka 10 hivi, vijana wa miaka 15 na wanaume wa miaka 20. Kila mmoja aliendesha baiskeli ya maabara kwa nguvu zake zote kwa sekunde 10, akarudia mara 10. Kwa mapumziko ya sekunde 30 tu, wavulana wadogo walimaliza na nguvu ileile waliyoanza nayo. Wanaume walipoteza zaidi ya robo ya nguvu zao. Vijana walikuwa katikati.

Misuli hupata nishati kwa kutumia oksijeni, njia ya polepole lakini ya kudumu, au kwa kuvunja sukari haraka bila oksijeni, njia inayoacha tindikali na mabaki mengine yanayodhoofisha misuli. Mtoto hutegemea zaidi njia ya kwanza, na mwili wake huondoa mabaki hayo upesi. Mwaka 2018, kundi la Ratel lilionyesha kwamba wavulana wa miaka 8 hadi 12 hupata nafuu baada ya mazoezi makali kwa kasi inayokaribiana na ya wanariadha wazima wa mbio ndefu, na wakati mwingine kuwapita.

Hata hivyo, kutochoka si kuwa na nguvu nyingi. Misuli ya mtoto ni midogo, na ubongo wake hauamshi nyuzi zote za misuli, hasa zile za kasi. Nguvu anayotoa ni ndogo, kwa hiyo uchovu wake pia ni mdogo.

Balehe hubadilisha hali hiyo. Misuli hunenepa na uwezo wa kutoa nishati bila oksijeni huongezeka. Kijana hupata kasi na nguvu, na uchovu huja pamoja navyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anayeomba kupumzika kati ya mbio si lazima awe mvivu. Anahitaji muda ambao miaka mitatu nyuma hakuuhitaji. Mwalimu amwongezee mapumziko, asimwongezee adhabu.

Kwa wadogo, mbio fupi zenye mapumziko mafupi zinafaa kuliko mchakamchaka mrefu. Hatua zao fupi hutumia nishati nyingi kwa kila kilo ya mwili, na jua kali huweza kuwaumiza. Mifupa yao nayo bado inakua: maumivu ya goti au kisigino yasiyokwisha yasipuuzwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za mazoezi kila siku. Mtoto anayechoka kwa mchezo mwepesi, au anayekaa pembeni wenzake wakicheza, apelekwe kituo cha afya. Upungufu wa damu, malaria au tatizo la moyo huweza kuanza kwa dalili hiyo, na mapema ndipo tiba husaidia zaidi.